Karatasi Tatu za Wendy

Sehemu ya Tisa

Simu ilikuwa bado mkononi mwa Mwalimu Kalunde, na mlango wa mbele ulikuwa unafunguliwa.

Wewe uliyekosa gazeti la Jumamosi iliyopita, shika hili moja tu. Kalunde, mwalimu mstaafu wa miaka hamsini na minne, alikuwa amebakisha siku kumi na moja afanye mtihani wa mawakili. Kikundi chake cha masomo kilimtumia orodha ya watahiniwa. Akajitafuta kwenye Kisilu, jina la marehemu mumewe. Akajipata. Halafu jicho likateremka mstari mmoja.

KISILU WENDY NZISA. Anarudia. Karatasi tatu.

Wendy, mtoto wake wa pekee. Wendy ambaye mji mzima wa Machakos unamwita wakili. Wendy ambaye kwa miaka miwili amekuwa akisimama mbele ya mahakimu akiwatetea watu.

Na sasa Wendy huyo huyo alikuwa ameingia sebuleni, saa tisa mchana, suti nyeusi, viatu mkononi.

"Mami, umekula?"

"Nimekula." Kalunde aliilaza simu kifudifudi juu ya kitabu. "Kaa hapo. Leo nasoma maadili ya wakili."

"Nimechoka, mami. Na kesho niko na kesi ya Mama Peris."

"Nitakuuliza swali moja tu. Halafu ulale."

Wendy alicheka, akaketi kwenye mkono wa kochi. Kwa miezi mitano alikuwa ndiye anayemuuliza mamake maswali. Leo mambo yamegeuka.

"Mtu hajapita mtihani," Kalunde alisema polepole. "Hajaapishwa. Hana leseni. Anaingia mahakamani, anasimamia mteja. Amefanya nini?"

"Kosa la jinai. Anaweza kufungwa." Wendy alijibu bila kufikiria. "Hilo ni rahisi, mami. Hawawezi kukuuliza hilo."

"Na mtu aliyejua akanyamaza?"

"Hiyo inategemea kama..."

Sauti ilikatika. Wendy alikuwa ameangalia uso wa mamake.

Kalunde aliigeuza simu.

Nje, jirani alikuwa akimfokea mbuzi aliyeingia kwenye mboga zake za sukuma wiki.

"Ni majina tu," Wendy alisema mwishowe. "Wendy Nzisa wako wengi."

"Na Kisilu?"

"Hata hao ni wengi."

"Namba ya kitambulisho iko hapo kando. Nilikupeleka mimi mwenyewe kukichukua hicho kitambulisho. Ulikuwa umevaa sketi ya shule."

Wendy aliweka viatu chini. Akavipanga sawasawa, kimoja kando ya kingine, kama mtu anayeingia kanisani. Halafu akasema ukutani, si kwa mamake:

"Nilianguka karatasi tatu."

"Lini?"

"Mara ya kwanza. Mara ya pili pia. Hii ni ya tatu."

"Na ile sherehe ya kufaulu kwako? Na mbuzi wanne?"

"Matokeo yalitoka Alhamisi, mwaitu." Wendy alimwita mama kwa Kikamba. "Wewe ulikuwa umeshaalika watu wa Jumamosi. Jumuiya yote. Walimu wenzako wote. Mbuzi walikuwa wamefungwa pale nje. Nilikuja jikoni kukuambia. Nikakupata unaimba."

Kalunde alikumbuka siku hiyo. Alikumbuka hata wimbo.

"Ulisema mliapishwa Nairobi. Kwamba wazazi hawaingii kwa sababu nafasi ni chache."

"Nilikaa kwenye mkahawa mpaka saa kumi. Halafu nikaingia studio nikapigwa picha. Joho lilikuwa la mwenye studio."

Picha yenyewe ilikuwa pale ukutani, fremu ya dhahabu, juu ya televisheni. Kalunde alikuwa akiipangusa vumbi kila Jumamosi kwa miaka miwili. Hakuiangalia.

"Titus anajua?"

Titus Ndunda ni wakili halali, mwenye ofisi ghorofa ya pili karibu na stendi ya mabasi. Ndiye aliyemwajiri Wendy. Ndiye pia aliyempokea Kalunde kwa miezi sita ya mafunzo ya kazi kabla ya mtihani.

"Titus ndiye alinituma," Wendy alisema. "Mara ya kwanza ilikuwa kuomba tarehe tu. Alikuwa na kesi mbili kwa wakati mmoja, mahakama mbili. Hakimu akaniita wakili, nikaitika. Wiki iliyofuata akanituma tena. Karatasi zote anasaini yeye. Mimi nasimama tu."

"Unasimama tu!"

"Nashinda kesi, mami! Uliza mtu yeyote. Nashinda kuliko hata yeye."

Hapo ndipo Kalunde alipopiga meza kwa kiganja, mpaka kalamu ikaruka.

"Na Peris? Wendy, Peris ni mimi nilimleta kwako. Kwa mkono wangu!"

Peris alikuwa mpishi katika shule aliyofundisha Kalunde, mjane wa Ekalakala. Mumewe alipofariki, shemeji yake alijitokeza na karatasi akidai shamba lote ni lake, hata pale kaburi la marehemu lilipo. Peris alipouliza wakili mzuri ni nani, Kalunde hakufikiria mara mbili. Alitaja jina la mtoto wake, na alilitaja kwa maringo.

Kesi hiyo ilikuwa inaanza kusikizwa kesho, saa tatu asubuhi.

"Kesho hausimami," Kalunde alisema.

"Nisiposimama, kesi inatupwa. Shemeji yake anaingia na trekta wiki ijayo. Hilo ndilo unataka?"

Kalunde alijitanda leso yake mabegani, akachukua mkoba.

"Vaa viatu. Tunaenda kwa Titus."

*

Titus Ndunda alikuwa mtu wa sauti ya chini. Alisikiliza mpaka mwisho, vidole vikiwa vimeshikana juu ya tumbo, kama padri kwenye kitubio. Halafu akatabasamu.

"Mwalimu, keti. Utajipandisha presha bure."

"Nitasimama."

"Sawa, simama. Nikuulize. Mtihani uko lini?"

"Siku kumi na moja."

"Siku kumi na moja. Wewe ufanye zako tisa, huyu afanye zake tatu. Mwaka ujao mnaapishwa siku moja, mama na binti. Magazeti yatakuja kuwapiga picha. Ya nyuma nani atauliza?"

Wendy alimwangalia mamake. Macho yake yalikuwa yanaomba.

Na hebu tuseme ukweli, ndugu msomaji. Kwa nukta chache Kalunde aliliona jambo hilo. Aliona majoho mawili. Aliona kanisa limejaa. Alikuwa amesoma miaka saba kufika hapo, darasani na watoto wanaolingana na wajukuu wa rafiki zake, akitumia pensheni ambayo ndugu zake walimwambia anunue ng'ombe.

"Nipe faili ya Peris," alisema.

"Ya nini?"

"Nipe niisome."

Titus aliisukuma juu ya meza. Kalunde alivaa miwani akafungua ukurasa baada ya ukurasa. Ni kweli, kila karatasi ilikuwa na sahihi ya Titus. Hakuna hata moja ya Wendy.

"Kesi haijafa," alisema. "Imefunguliwa na wakili halali. Mashahidi hawajaanza. Tukisema ukweli kesho kabla ya shahidi wa kwanza, Peris anaweza kuomba muda atafute wakili mwingine. Lakini Wendy akisimama kesho akashinda, halafu ijulikane baadaye, ule ushindi wote unaweza kufutwa. Peris ataanza upya akiwa na miaka sabini."

"Umesoma vizuri," Titus alisema. "Sasa endelea mpaka ukurasa wa mwisho."

Kalunde aliufunua.

Ilikuwa hati ya kiapo. Aliijua mara moja, kwa sababu aliichapa yeye mwenyewe wakati wa mafunzo, siku alipotumwa kumpelekea wakili wa shemeji karatasi za kesi. Alisoma mstari wa tatu, na herufi zikaanza kucheza mbele ya macho yake.

*Kwamba karatasi hizo nilikabidhiwa na Wendy Nzisa, wakili wa mlalamikaji.*

Chini yake, sahihi: Kalunde Kisilu.

"Uliapa, Mwalimu," Titus alisema kwa upole. "Ulishika Biblia ukaapa kwamba mtoto wako ni wakili. Utawaambia hukujua? Mnalala nyumba moja. Mnakula sufuria moja. Nani atakuamini?" Alichukua faili yake, akaifunga. "Huyu akianguka, unaanguka naye. Na mwenye rekodi chafu haapishwi, hata apate alama zote. Nenda nyumbani ukasome."

*

Asubuhi, Wendy alitoka chumbani akiwa amevaa ile suti nyeusi. Macho yalikuwa yamevimba. Kalunde alikuwa mezani na chai iliyopoa na kitabu kilichofunguliwa ukurasa ule ule wa jana.

"Nitasema mwenyewe," Wendy alisema. "Mbele ya hakimu. Nitamwambia yote."

Kalunde alimshika mkono. Ulikuwa baridi.

"Lakini wewe ubaki hapa usome. Sitakutaja. Sitamtaja hata Titus, maana nikimtaja atatoa ile karatasi. Nitasema nilidanganya kila mtu. Itaishia kwangu."

"Tutaenda pamoja."

"Mwaitu, nakuomba."

"Kuna mtu lazima aambiwe kabla ya hakimu," Kalunde alisema. "Na hilo hutalifanya peke yako."

Walimkuta Peris nje ya mahakama, kwenye benchi la mbao, amevaa gauni lake la kanisani. Alikuwa ametoka Ekalakala alfajiri. Alimwona Wendy, uso ukamng'aa.

"Wakili wangu! Sikulala, lakini nikikuona hivi napata nguvu."

Wendy alipiga magoti mbele yake, pale pale kwenye vumbi, mbele ya watu. Akamwambia. Hakuzunguka. Sentensi nne, labda tano.

Peris alivuta mkoba wake akaupakata, kama mtu anayeogopa kuibiwa.

"Nimekuombea kila Jumapili," alisema mwishowe. "Kwa jina. Bwana, msaidie Wakili Wendy. Sasa Mungu alikuwa anamsaidia nani?"

"Mama Peris, nisamehe."

"Wewe ni mtoto." Peris alimgeukia Kalunde. "Lakini wewe, Mwalimu. Sikumuuliza cheti. Sikumuuliza chochote. Unajua kwa nini? Kwa sababu ni wewe ulisema."

Kalunde alijaribu kumweleza: kwamba shamba halijapotea, kwamba hakimu anaweza kutoa muda, kwamba kuna mawakili wanaosaidia wajane. Peris alisikiliza yote. Alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Halafu akainuka, akaenda kuketi kwenye benchi lingine.

Karani alitokea mlangoni akaanza kuita kesi.

*

Mahakama ilikuwa imejaa. Kalunde alibanwa katikati ya wanawake wawili kwenye safu ya tatu. Alipogeuka nyuma, aliona mtu ambaye hakumtarajia. Titus Ndunda, benchi la mwisho karibu na mlango, faili mapajani. Titus alimpungia mkono kidogo.

Hakimu alikuwa mama wa makamo, miwani puani, mtu wa maneno machache. Alifungua faili ya Peris.

"Naona mlalamikaji yuko. Mshtakiwa?"

Wendy alikuwa ameshafungua mdomo. Kabla sauti haijatoka, aliinuka Mutunga, wakili wa shemeji.

"Mheshimiwa, mteja wangu alilazwa hospitalini jana. Hapa niko na barua ya daktari. Naomba kesi iahirishwe mpaka Februari."

Februari!

Hebu fikiria. Mtihani ungekuwa umepita. Matokeo yangekuwa karibu kutoka. Hakuna shahidi angesikizwa leo, hakuna kosa lingeongezwa, na Wendy angerudi kwenye kesi hiyo labda akiwa amepita karatasi zake zote. Mlango ambao mama na binti hawakuuomba ulikuwa umefunguka wenyewe. Kulihitajika maneno mawili tu: sina pingamizi.

Hakimu alisoma barua, akaiweka chini. "Sioni ubaya. Wakili Wendy, una pingamizi?"

Wendy alisimama. Kalunde alimwona kwa mgongo tu, ile suti aliyomnunulia mwenyewe. Aliona mabega yakipanda na kushuka. Nyuma, Titus alikohoa kidogo.

Na Kalunde, Mungu amsamehe, aliomba kimoyomoyo. Aliomba mtoto wake aseme yale maneno mawili.

"Mheshimiwa," Wendy alisema. "Sina haki ya kupinga wala kukubali. Mimi si wakili."

Mtu alicheka, akadhani ni mzaha. Hakimu alivua miwani.

"Rudia."

"Mimi si wakili, Mheshimiwa. Nilianguka mtihani mara mbili. Sijawahi kuapishwa. Nimesimama hapa mbele yako mara kumi na nne, na zote zilikuwa uongo. Naomba mahakama isimwadhibu Mama Peris kwa makosa yangu. Apewe muda atafute wakili wa kweli."

Mahakama ililipuka. Waandishi wawili waliokuwa wanasinzia kando ya dirisha waliruka wima. Mutunga alikuwa amebaki kinywa wazi, barua ya daktari ikimning'inia mkononi. Hakimu aligonga meza mara tatu, mara nne.

"Kimya! Konstebo, simama karibu na huyu msichana." Kisha akaandika kwa muda mrefu, watu wakisikia mkwaruzo wa kalamu tu. "Mlalamikaji yuko wapi?"

Peris alisimama.

"Mama, kesi yako haijafutwa. Nakupa siku thelathini utafute wakili. Mpaka siku hiyo, hakuna mtu atakayekanyaga shamba hilo na jembe wala trekta. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mheshimiwa." Peris alijifuta macho kwa kiganja, akaketi.

Jambo moja lilikuwa limepona. Moja tu.

Hakimu alimgeukia Wendy. "Na wewe. Hukufika hapa peke yako. Nani mwingine alijua?"

"Hakuna, Mheshimiwa."

"Fikiria vizuri kabla ya kujibu."

"Hakuna. Niliwadanganya wote. Ofisi, mteja, hata mamangu mzazi. Ni mimi peke yangu."

Kwenye benchi la mwisho, Titus alishusha pumzi. Aliichukua faili yake taratibu, akafunga kifungo cha koti, akainuka kama mtu aliyemaliza shughuli zake za siku. Kalunde alimtazama akitembea kuelekea mlangoni. Ofisini kwake kulikuwa na msichana mwingine tayari, ametoka chuoni juzi tu, anayemwita Titus "sir" na kuitika kila anapotumwa.

Magoti ya Kalunde yaliinuka kabla hajayaruhusu.

"Mheshimiwa, hiyo si kweli."

"Mwaitu, kaa chini!" Wendy alipiga kelele. Konstebo alimshika bega.

Hakimu alitazama safu ya tatu. "Wewe ni nani, mama?"

"Naitwa Kalunde Kisilu. Huyu ni mtoto wangu. Mimi nimejua tangu jana saa tisa. Lakini kuna mtu mwingine humu ndani amejua miaka miwili. Ndiye aliyemtuma siku ya kwanza."

Mkono wa Titus ulikuwa umeshafika kwenye kitasa.

"Konstebo," hakimu alisema bila kupaza sauti. "Funga huo mlango. Asitoke mtu. Mama, njoo hapa mbele uape."

Watu walimpisha. Hatua kumi tu, lakini kwa Kalunde zilikuwa ndefu kuliko miaka saba ya vitabu. Alipompita Wendy, binti alimshika ukingo wa leso.

"Mami, ukiapa, wewe na mtihani basi," alinong'ona. "Na ile karatasi anayo pale. Ameibeba."

Kalunde aligeuka. Ni kweli. Titus Ndunda alikuwa ameegemea mlango uliofungwa, faili ya buluu kifuani, na hakuwa na wasiwasi wowote. Alikuwa akingoja zamu yake ya kusema.

Kalunde alifungua vidole vya mtoto wake, kimoja kimoja, akaiachilia leso. Karani alimnyooshea Biblia.

Akaipokea kwa mkono wa kulia.